Kilo Tano za Sukari Hadi Mwamgongo

Ting, ting, ting. Kijiko kinagonga kikombe cha udongo, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia. Mnaniuliza Kigoma kulikuwaje, na kila nikitaka kuanza na treni naisikia kwanza hiyo sauti. Basi nimeona niandike, maana pale saluni nikianza kusimulia mteja anaingia, tunaishia kwenye nywele. Someni mkiwa mmekaa. Mwandiko wangu mnaujua, msinicheke.

Mnakumbuka Bibi alinipigia simu nikiwa namwosha mteja kichwa. Hakusalimia sana. Alisema, "Mke mwenzangu, njoo unione. Njoo peke yako, na mjomba wako usimwambie kitu." Mimi na Bibi ni watani, mume wake marehemu alikuwa akiniita mchumba tangu nanyonya, kwa hiyo wito wake huwa una kicheko mwishoni. Siku ile kicheko hakikuwepo. Nilimuuliza kuna nini, akasema ya simu yaishie kwenye simu.

Morogoro mpaka Tabora

Nilibeba nguo mbili na kilo tano za sukari. Mtu wa Morogoro unakwendaje kwa mkubwa wako bila sukari, nasi tumezungukwa na miwa? Niliifunga kwenye khanga mpya nikaiweka miguuni, nikawa naipapasa kama mtoto aliyelala.

Jirani yangu kwenye behewa alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, wazazi wake walitoka Burundi zamani wakalowea huku, yeye analima mihogo upande wa Kasulu. Akaniambia nimwite Mama Furaha. Alipanda na kapu lenye harufu ya dagaa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisogea dirishani kidogo. Aliniona. Akasema nisiogope, dagaa wake wameshakufa, hawaumi.

Kituo cha Saranda tulinunua kuku, kila mtu hununua kuku Saranda. Nilinunua na chipsi, na soda mbili baridi. Mnajua ndoto yangu ya kibanda cha chipsi chenye taa za rangi, nilikuwa nimeshakijenga kichwani kabla hatujafika Tabora, nimeweka na spika. Nikamsimulia Mama Furaha. Hakunikatisha. Alisikiliza mpaka kwenye rangi ya viti, ndipo akaniambia yake. Kwamba zamani walipokuwa wanakula muhogo, watoto wake walikuwa wanaona haya kufungua chakula shuleni. Leo wale watoto wana kazi mjini, wanakula wanachotaka, na hawataki kusikia muhogo. Ila wanaokuja shambani kwake kuununua sasa ni watu wenye magari.

"Wametumwa na daktari," alisema. "Wakubwa kabisa, wanashuka na viatu vyao kwenye tope. Wanasema, mama, tumeambiwa turudi kwenye chakula chako. Nami nawaambia, kilikuwa hapa muda wote, nyie ndio mliosafiri."

Alicheka mpaka kapu likatikisika. Nikacheka naye, nikamalizia soda yangu ya pili.

Kabla ya Uvinza

Asubuhi treni ilisimama kwenye kituo kidogo ambacho jina lake limefutika ubaoni. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele. Tukaambiwa tungoje saa moja tu. Ile saa moja ilianza asubuhi ikaisha jioni.

Kufikia saa sita chipsi zangu zilikuwa zimekuwa baridi na ngumu, soda zimekwisha, na tumbo linanisema vibaya. Wanakijiji walikuja na walichonacho: muhogo wa kuchemsha, ndizi, karanga, maji ya kisima. Vijana wawili wa behewa letu waliuliza kama kuna vinywaji vya kuongeza nguvu. Mzee mmoja muuza ndizi akawajibu kwamba wangekuwa na nguvu wangeshuka wakainue lile behewa.

Mama Furaha alifungua kapu lake. Muhogo, dagaa waliokaangwa kwa mawese, pilipili mbili. Akatandika khanga chini ya kivuli cha behewa akanigawia mkononi bila kuniuliza. Sikuwa nimekula hivyo tangu Bibi alipokuwa ananilea, kabla sijapelekwa Morogoro kwa shangazi. Mawese yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama Furaha aliniangalia akasema kwa kuwa dagaa hawajaniuma, sasa nisogee karibu.

Ndipo nikamwambia kuhusu simu ya Bibi. Akauliza kama Bibi ana miguu mizima. Nilishangaa swali gani hilo. Akasema mtu mzima akiita kwa siri siku hizi, yeye huuliza miguu kwanza, kisha macho. Mume wake alianza hivyo hivyo. Aliposhuka aliniachia muhogo uliobaki, umefungwa kwenye jani la mgomba.

Ujiji, kwa mjomba

Nilikuwa nimepanga kupita Kigoma kimyakimya, lakini kupita Kigoma bila kufika Ujiji kwa Mjomba Yusufu ni kutafuta laana. Mjomba ana duka la jumla pale Mwanga, mjini Kigoma, na nyumba Ujiji yenye vigae vinavyoteleza kama sabuni. Nilimwambia nimekuja kusalimia tu. Akafurahi mpaka nikaona aibu kwa uongo wangu.

Jamani, chakula! Pilau, nyama ya ng'ombe, mkate mweupe na siagi, maandazi, soda kila anayeketi na yake. Mjomba amenenepa, shingo imekuwa na mikunjo, akipanda ngazi tatu za baraza anasimama kupumua na kujifanya anatazama barabara. Mkewe alimeza vidonge viwili vya presha mbele yangu, akavisukumia na soda.

Baada ya kula Mjomba alinieleza, kwa fahari, jinsi alivyompumzisha mama yake, yaani Bibi. Amemwekea mtu wa kumfanyia kazi. Sembe nyeupe inakwenda kwa boti kila mwezi, na sukari, na mafuta ya dumu, na kreti la soda. Jembe la mama yake alilichukua mwenyewe kwa mikono yake, liko stoo. Muhogo amempiga marufuku.

Kisha akashusha sauti. Akanisimulia kwamba akiwa mdogo, mgeni akiingia, mama yake alimtuma na kikombe kwa jirani kuomba sukari. Ilikuwa miaka ile ya foleni, hata kwenye maduka haipo. Siku nyingi alirudi na kikombe kitupu. Anamkumbuka mama yake akimpokea kikombe kile mlangoni, akamwekea mgeni chai isiyo na sukari, uso ukiwa chini.

"Nikaapa, mpwa wangu," alisema. "Mama yangu hatainamisha uso tena kwa sababu ya sukari."

Asubuhi alinipakilia kreti la soda na kilo kumi za sukari juu ya zangu tano.

Kibirizi, tukisubiri boti ijae

Boti za kaskazini mwa ziwa, za kwenda kijijini kwa Bibi, hazina saa, huondoka zikijaa. Nilifika alfajiri watu wakiamkiana "Mwakeye", nikaondoka jua liko utosini. Nilikaa juu ya kreti langu nikitazama wapagazi. Boti iliyokuja ilishusha dagaa, magunia kwa magunia, wakavu wanaong'aa, na madumu ya mawese. Boti yetu iliyokuwa inakwenda ilipakia soda, biskuti, sembe, tambi, mafuta ya kiwandani na katoni za peremende. Nikafikiri kitoto: chakula kinapishana hapa majini kama watu wasiojuana.

Nahodha aliuliza kreti la nani. Nikasema la Bibi yangu, Mama Yusufu wa Mwamgongo. Boti nzima ikageuka.

"Kwa hiyo kesho kuna chai," alisema mwanamke mmoja mwenye ndoo ya mawese.

"Kesho?" nahodha akamjibu. "Mimi nikitia nanga tu napitia hapo. Nyumba ya Mama Yusufu mgeni hanywi kwa kupimiwa."

Wakacheka wote, kwa upendo kabisa. Mimi nilijisikia mjukuu wa mtu mkubwa. Tukapita msitu wa sokwe, milima inaingia ziwani moja kwa moja, maji ya bluu mpaka unataka kuyakunja uweke kwenye mkoba. Niliota mchana kweupe, nikajiona na boti yangu mwenyewe, imeandikwa jina langu.

Mwamgongo

Nilipiga goti. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniangalia au kunirithi?"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amepungua, mikono imebaki mifupa. Alivaa soksi nene za kiume kwenye jua lile. Nilipofungua khanga na kuonyesha sukari yangu, alisema ahsante, akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaiweka kifuani. Nilingoja tabasamu nililokuwa nimelibeba tangu Morogoro. Lilikuja, lakini lilichelewa.

Wageni walifika kabla sijanawa uso. Nahodha hakuwa anatania. Mwanamke wa mawese naye, na majirani. Nilichemsha sufuria kubwa. Pale kwa Bibi kuna desturi ambayo nimekua nayo na sikuwahi kuifikiria: mgeni hanywi mpaka mwenyeji amekoroga chai yake na kupiga funda la kwanza. Ukimwacha mgeni anywe peke yake umemwambia anakufilisi. Kwa hiyo Bibi alivuta kopo la sukari, akachota, akatia, akakoroga. Ting, ting, ting. Akanywa. Wote wakanywa. Wageni wengine wakaingia. Akajaza upya, akachota, akakoroga.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, chini kidogo, ninapopata kuona mikono. Kijiko kilichotoka kwenye kopo kilikuwa kikavu. Hakikuwa na punje hata moja. Bibi alikuwa anakoroga chai tupu, anaikoroga kwa bidii kuliko wote, na anawaambia wenzake, "Ongezeni, ongezeni, sukari ya mwanangu haijaisha."

Macho yetu yakakutana. Akanikonyeza.

Wageni walipoondoka alivua soksi ya kushoto. Siwezi kuwaandikia yote. Kidole cha pili kilikuwa cheusi, na kidonda chini ya unyayo, kisafi, amekiosha kwa maji ya chumvi siku zote hizo, lakini hakifungi. Alisema alikanyaga mwiba wa samaki na hakuusikia. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshampima mwaka uliopita akamwambia ana kisukari, akampa vidonge na kumweleza ya kula. Hili la mguu likamshinda, akamwandikia kwenda hospitali ya mjini haraka, wasije wakakata mpaka gotini. Mara mbili Bibi alifika ufukweni na kurudi.

Nikamuuliza kwa nini, huku nimeshaanza kulia, mnanijua.

"Mjini nitalala kwa Yusufu," alisema. "Nitamwambia nini? Ataona ndiye aliyenilisha ugonjwa kwa mkono wake. Wewe hukumwona akirudi na kile kikombe kitupu. Mimi nilimwona."

Chai alikuwa ameiweza, kijiko kikavu kilimwokoa. Soda ndiyo iliyomshinda, maana Mjomba akija humfungulia mwenyewe, akaketi kumtazama anavyokunywa, kama mtu anayelisha kinda. Na sembe angeikwepaje, muhogo hauko tena ndani, jembe liko Ujiji.

Mpango wake ulikuwa huu: mimi nimpeleke hospitali, tulale nyumba ya wageni karibu na Kibirizi, tusikanyage Ujiji. Nikakubali. Msiniulize kwa nini nilikubali, nilikuwa naangalia kile kidole.

Kurudi mjini

Mtu aliyepanga siri kupitia Kibirizi hajawahi kushuka Kibirizi. Wapagazi wawili walimbeba Bibi kutoka botini kama malkia, huku wakimwita Mama Yusufu kwa sauti ya mnada. Nadhani habari ilifika Mwanga sisi tukiwa bado hatujavaa viatu.

Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, Bibi ameshapimwa, daktari amesema kidole hakitapona, ila mguu utaokoka akitibiwa leo na sio wiki ijayo. Walitaka ndugu wa kutia saini kidole kikatwe. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ndugu ni mimi, Mjomba akatokea kwenye korido, anahema, shati limelowa. Mkononi ana soda mbili baridi. Mnajua, mgonjwa haendewi mikono mitupu.

Alipiga magoti akafungua ya kwanza kwa meno, kama alivyozoea, akamwekea mama yake mkononi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Nikaona anainua. Mbele ya daktari, na kile kidole, Bibi alikuwa anaipeleka mdomoni ili mtoto wake asiumie.

Nilishika chupa. "Mjomba, Bibi hanywi."

Aliniangalia kama nimemtukana. Sijawahi kumkatalia mkubwa kitu mbele za watu. Lakini sikuiachia. Tulikuwa tumeishika watatu.

Bibi ndiye aliyeiachia kwanza. "Ni kisukari, Yusufu. Mwaka sasa."

"Mwaka," alisema Mjomba. Kisha, "Na Idi? Tulikunywa chai wote Idi. Nilikukorogea mwenyewe."

"Hiyo ulinikorogea wewe nikainywa. Nyingine zote nilikuwa nakoroga tu, baba. Nilikuwa nakoroga maji na majani."

Mjomba alikaa chini kwenye sakafu ya korido, mtu mzima yule, mwenye duka. Akavua soksi ya mama yake polepole. Aliushika ule mguu kwenye mapaja yake, akauangalia, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye tumbo. Daktari, kijana mpole, alimwambia sio sukari peke yake, kuna umri, kuna damu ya ukoo, kuna kukaa bila kutembea, kuna unga uliokobolewa mpaka ukabaki na weupe tu. Mjomba aliuliza ni kipi kati ya hivyo ambacho yeye hakukipeleka. Daktari akasema, umri.

Bibi akacheka. Kicheko kile nilichokikosa kwenye simu. Mjomba naye akacheka, huku analia, na daktari akapata saini yake.

Kilikatwa kidole kimoja. Mguu ukabaki. Siku ya tatu yule daktari alimpima Mjomba pia, akamwambia arudi bila kunywa chai asubuhi, wazungumze. Mjomba hakusema majibu yalikuwaje. Ila nilimkuta anatembea kutoka Ujiji mpaka hospitali kwa miguu, amebeba uji wa ulezi, jasho linamchuruzika, na hasimami kujifanya anatazama barabara. Akitaka kupumua, alikuwa anasimama kweli.

Siku Bibi aliporuhusiwa, Mjomba alikuja na kitu kirefu amekifunga kwa magazeti na kamba. Bibi alikifungua kitandani. Lilikuwa jembe lake, mpini wake ule ule, uliolika pale vidole vinaposhika.

"Mguu ukipona," alisema Mjomba. "Sio kabla."

Bibi aliupapasa ule mpini muda mrefu. Akasema, "Sasa na wageni wangu? Watakunywa nini?"

Mjomba alifikiri. "Karanga," alisema. "Nitaleta karanga. Na chai watakunywa kama wewe, wasipotaka wakoroge tu."

Morogoro

Nilirudi na dagaa, unga wa muhogo, na chupa ya mawese ambayo imeharibu nguo zangu zote mbili. Dagaa mmeshakula, na asanteni kwa kusema harufu yao inafukuza wateja, huku mnaomba tena. Kibanda changu nimekijenga upya kichwani. Taa za rangi zipo. Chipsi zipo, siwezi kuwadanganya, mnazipenda na mimi nazipenda. Ila upande wa kulia kuna sufuria kubwa la muhogo, na Mama Furaha ananiletea kwa treni, na viti ni vya bluu kama ziwa.

Bibi alinipigia juzi. Ameanza kukanyaga. Anasema nahodha alisusa siku mbili kwa sababu ya karanga, siku ya tatu akarudi.

Jioni ile nilipofika kwangu nilichemsha chai. Nyumba ilikuwa kimya, jirani hajarudi kutoka kazini. Nilitoa kikombe cha udongo, kile kimoja nilichonacho, nikamimina. Kopo la sukari lilikuwa pale, limejaa. Nikaingiza kijiko, nikakitoa kikavu, nikakoroga, ting, ting, ting, taratibu, mpaka povu likazunguka lenyewe. Kisha nikapiga funda la kwanza.